Neno Moja Nyuma

Watoto walimwita Mwalimu Chaki, wakidhani hajui. Alijua. Jina lilitokana na mkono wake wa kulia, ambao kila siku ulikuwa mweupe hadi kiwikoni, kwa sababu alipokosa subira ya kutafuta kifutio alifuta ubao kwa kiganja, na kiganja kisipotosha, kwa mkono wa gauni. Subira, kwa kweli, hakuwa nayo nyingi. Ile aliyojaliwa aliitumia yote kwa watoto wa darasa la pili, na jioni aliporudi nyumbani ilikuwa imekwisha kabisa, hata dada yake mkubwa aliyeishi naye alizoea kumsalimia kwa mbali, kama mtu anayepita karibu na mbwa wa jirani.

Alifundisha kusoma. Hakuwa na sifa nyingine katika shule ile, wala hakuitafuta. Wenzake walilikimbia darasa la pili kama ugonjwa, wakisema ni makamasi na penseli zilizopotea. Yeye alikataa kuhamishwa kila alipopewa nafasi. Kulikuwa na kitu kimoja alichokingojea mle ndani, ambacho hakuwahi kumweleza mtu vizuri. Mtoto huanza kwa kuokota herufi moja moja, kama anayechambua mchele wenye mawe, uso umekunjamana, kidole kinatetemeka juu ya karatasi. Kisha siku moja, bila kubisha hodi, neno zima linamtoka mdomoni, na mwenyewe anashtuka, anainua macho kumtazama mwalimu kama aliyevunja kitu. Kwa ajili ya yale macho Mwalimu Chaki aliamka kila asubuhi. Mumewe alipofariki, aliamka kwa ajili hiyo. Wanawe walipoondoka mmoja baada ya mwingine wakabaki kuwa sauti kwenye simu, aliamka kwa ajili hiyo hiyo.

Vishikwambi vilipoletwa shuleni, hakuvichukia. Hilo linafaa kusemwa mapema, maana baadaye walimpaka tope kwamba ni mwanamke wa kizamani anayeogopa kila chenye betri. Alizipenda zile kompyuta bapa za kubonyeza kwa kidole. Alipenda picha zake na rangi zake, na alipenda namna watoto walivyoshusha sauti vilipotolewa kabatini. Alijifunza kuviwasha, kuvizima, kuvibembeleza vilipogoma. Dada yake, mstaafu wa posta ambaye mchana kutwa alicheza mchezo wa kupanga peremende kwenye simu, alimwambia kwamba hatimaye amekuwa mtu.

Hasira ilikuja polepole, na ilikuja kwa njia ya ndege.

Ndani ya kila kishikwambi mlikuwa na ndege wa kijani aliyevaa kofia. Mtoto alitakiwa kusoma ukurasa kwa sauti mbele yake. Ndege alisikiliza, neno likisomwa sawasawa liligeuka kijani, likikosewa au likichelewa liligeuka jekundu, na ndege akasonga kwenye neno linalofuata. Mwisho wa ukurasa alipiga mabawa na kusema hongera, au aliinamisha kichwa na kusema jaribu tena. Matokeo yalikwenda yenyewe kwa mtandao hadi ofisi ya mradi, mjini, kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga darasa lile. Na kwa kuwa darasani kulikuwa na kelele, na mvua ikinyesha juu ya mabati hata mtu mzima hakujisikia, usomaji ulifanyika stoo, kati ya madawati mabovu na mipira isiyo na upepo, mtoto mmoja mmoja, mlango umefungwa.

Hayo yote angeyavumilia. Lakini mradi ulikuja na utaratibu wake. Mwisho wa mwaka, mtoto ambaye kurasa zake zilikuwa nyekundu hakupanda darasa la tatu na wenzake. Alipelekwa kwenye kile walichokiita Chumba cha Kujiinua. Jina zuri. Kilikuwa karakana ya zamani ya useremala, ng'ambo ya uwanja, na ndani yake kulikuwa na meza, hedifoni, vishikwambi, na msimamizi ambaye kazi yake ilikuwa kuchaji vyombo na kunyamazisha watoto. Mwalimu hakuwemo. Mwalimu Chaki alipouliza kwa nini, alijibiwa kwamba uzuri wa mpango ndio huo hasa, kwamba hauhitaji mwalimu. Alilitafuna jibu hilo wiki nzima. Kwa hiyo anayejua kusoma anapewa mtu, na asiyejua anapewa ndege. Hata kwa mgonjwa hufanyi hivyo. Aliyezidiwa ndiye anayeitiwa daktari, hapewi picha ya daktari.

Sasa, katika darasa lake kulikuwa na msichana mdogo aliyeitwa Sisimizi. Jina alipewa na wenzake kwa sababu kila walipomwona alikuwa amebeba kitu kikubwa kuliko yeye. Bibi yake alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda kwenye njia ya kwenda shuleni, na sare za nusu ya shule zilitoka chini ya sindano yake. Sisimizi ndiye aliyezifikisha kwa wenyewe, katika mfuko uliomfunika kuanzia kidevuni hadi magotini. Alikuwa mtoto mtulivu mwenye macho makali. Na alikuwa na kigugumizi.

Hakikuwa kigugumizi cha kurudiarudia. Neno lilimfungia mlango. Mdomo ulijiweka tayari, shingo ikakaza, na sauti ikagoma kutoka, kama bomba ambalo unasikia maji ndani yake lakini hayafiki. Ukingoja, hatimaye yalifika, tena kwa usafi. Shida ilikuwa kungoja tu.

Darasa lilikuwa limeliona hilo kabla ya mwalimu, na kulitafutia dawa yao wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka, zamu ya Sisimizi kusoma ilipofika na neno la kwanza likamfungia, msichana wa dawati la nyuma ambaye walimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, alianza kusoma naye. Si kwa kejeli. Alisoma kwa sauti ya chini, sentensi ile ile, akaingia wa pembeni yake, wakaingia wengine, na katikati ya sauti zile mlango wa Sisimizi ukafunguka wenyewe akasoma mfululizo kama maji. Mwalimu Chaki alisimama na chaki mkononi, akawaacha wasome. Tangu siku hiyo ikawa desturi ya darasa lile. Ikifika zamu yake, walisoma naye. Waliiita kumsindikiza. "Tumsindikize, Mwalimu?" Redio aliuliza kila mara, kana kwamba Sisimizi alikuwa mgeni anayeondoka na barabara ina giza.

Stoo, lakini, hakukuwa na wa kumsindikiza.

Kurasa zake zilirudi nyekundu. Zote, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Mwalimu Chaki alidhani kishikwambi kimeharibika, akakibadilisha. Nyekundu. Ndipo alipoingia naye stoo, akaketi juu ya dawati lililovunjika mguu, akamtazama akisoma.

Ukurasa ulianza hivi: Kuku wetu ametaga mayai chini ya kitanda. Neno "kuku" likamfungia mlango. Ndege akangoja kidogo, kidogo sana, akaligeuza jekundu, akaruka kwenye "wetu". Hapo ndipo "kuku" ilipotoka mdomoni mwa mtoto, safi kabisa, na ndege akaisikia na kuona si "wetu", akaweka nyekundu, akaruka. Sisimizi akasema "wetu". Ndege alikuwa kwenye "ametaga". Nyekundu. Wakaenda hivyo hadi chini, mtoto akikimbia nyuma ya ndege kama anayefukuzia gari lililokwisha kuondoka, hakuna neno alilokosea, hakuna neno alilopata. Ndege alipokwisha kuinamisha kichwa na kusema jaribu tena, Sisimizi bado alikuwa akimalizia neno la mwisho, kwa adabu, kidole kikiwa pale pale.

Alikuwa nyuma neno moja tu.

Mwalimu Chaki hakumbuki alitokaje stoo.

Alimsubiri kijana wa mradi, aliyekuja mara kwa mara na begi mgongoni na kitambulisho kikining'inia shingoni. Alikuwa kijana mwenye heshima, hawezi kusema vinginevyo. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza, kwa upole wa mtu anayemwongoza mama yake kwenye ngazi, kwamba muda wa kungoja umepangwa na wataalamu, na ni sawa kwa watoto wote.

"Mfumo haubagui mtu, Mwalimu," alisema.

"Mimi nabagua," alijibu. "Nambagua kila mmoja na mwenzake, kutwa nzima. Ndiyo kazi ninayolipwa."

Kijana akacheka, akidhani ametaniwa. Akamwonyesha mahali pa kutolea maoni. Palikuwa na nyuso ndogo za duara, kutoka iliyocheka hadi iliyolia. Mwalimu Chaki alibonyeza iliyolia. Ndege akapiga mabawa, akamshukuru kwa mchango wake.

Alirudi nyumbani akiwa amevimba. Alimsimulia dada yake huku akikata vitunguu kwa fujo, na dada, bila kuinua macho kwenye peremende zake, alisema hajawahi kuona mwanamke wa umri wake akigombana na ndege wa kuchora.

"Dada, usinichokoze leo."

"Sikuchokozi. Nauliza tu. Huyo ndege masikio anayo. Wewe sauti unayo. Mtoto akisindikizwa anasoma. Sasa shida iko wapi?"

Mwalimu Chaki aliweka kisu chini.

Siku iliyofuata aliingia stoo na Sisimizi, akafunga mlango, na ndege alipofungua ukurasa, alisoma naye. Alishusha sauti hadi ikawa pumzi tu, karibu na sikio la mtoto, mbali na chombo. Kuku wetu ametaga mayai. Maneno yakageuka kijani moja baada ya jingine kama bustani baada ya mvua, na ndege akapiga mabawa, na Sisimizi akainua macho kumtazama mwalimu. Yalikuwa yale yale macho.

Hakuona aibu. Mtoto alisoma kwa mdomo wake mwenyewe. Mwalimu alimshikia mlango tu. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na akaendelea, ukurasa kwa ukurasa, wiki kwa wiki. Ubaya ni kwamba hakumwambia mtu. Alijua ni kwa nini. Angesema, wangemfungia nje ya stoo, na mtoto angerudi kwenye nyekundu na kutoka huko hadi karakana.

Alichosahau ni kwamba mjini kulikuwa na watu wanaotazama rangi.

Mwalimu mkuu alimwita ofisini akiwa na furaha ambayo hakuwahi kumwona nayo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye shule inayovuja, aliyeahidiwa kwamba ikichaguliwa kuwa shule ya mfano itapauliwa upya. Alisema ofisi ya mradi imegundua mtoto. Ametoka chini kabisa akafika juu kabisa, katika muhula mmoja, haijawahi kutokea mahali pengine. Mkurugenzi wa mradi anakuja mwenyewe, na mpiga picha, kuona ndege alivyomfungua mtoto ulimi.

"Ndege," alisema Mwalimu Chaki.

"Na wewe pia, Mwalimu. Tutakutaja."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani akajua anavyojisikia Sisimizi: neno lipo, limejipanga, halitoki. Akasema asante, akatoka. Akiwa njiani alipita kwenye kibanda cha fundi, akamkuta bibi amekunjua kitambaa kipya cha sare. Mjukuu atapigwa picha, bibi alimweleza, na meno yaliyobaki yote yalionekana. Ameikata kubwa kidogo, makusudi, imfae na darasa la tatu. Mwalimu Chaki aliisifu mishono. Usiku ule hakula.

"Sema," dada yake alimwambia.

"Nikisema, anakwenda karakana."

"Usiposema, anakwenda kwenye kiti mbele ya watu. Chagua."

Hakuchagua. Alijidanganya kwamba watamruhusu awe karibu.

Siku yenyewe, kiti kiliwekwa mbele ya darasa, penye mwanga. Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti nzuri na viatu visivyofaa kwa vumbi, na aliwasalimu watoto wote kwa uso wa kweli. Kijana wa mradi alikuwepo, mpiga picha alikuwepo, mwalimu mkuu alikuwa amevaa suti iliyonuka kabati. Mwalimu Chaki aliombwa asimame mlangoni, asiingie kwenye picha. Sisimizi akaketi ndani ya sare yake kubwa, kishikwambi mapajani, miguu haifiki chini. Alimtafuta mwalimu kwa macho, akamwona, na mwalimu, Mungu amsamehe, akamtikisia kichwa kwamba aanze.

Kuku.

Mdomo ukajiweka tayari. Shingo ikakaza. Darasa zima likasikia kimya kikipita. Nyekundu. Nyekundu.

"Tumsindikize, Mwalimu?" Redio aliuliza kutoka dawati la nyuma, na hakungoja kujibiwa. Akaanza. Wakaingia wa pembeni, wakaingia wa mbele, kwa ile sauti yao ya chini, kuku wetu ametaga mayai chini ya kitanda, na Sisimizi akafunguka katikati yao, na kwa muda mfupi Mwalimu Chaki alidhani mambo yamenyooka.

"Sikusikii vizuri," alisema ndege. "Tafadhali tafuta mahali pasipo na kelele."

Kijana wa mradi akawafanyia watoto ishara ya kunyamaza. Mkurugenzi akatabasamu, akawaambia kwamba ni watoto wazuri, lakini wamwache mwenzao asome mwenyewe. Wakanyamaza, kwa kuwa walikuwa wamefundishwa kumtii mgeni. Ukurasa ukafunguliwa upya, na Sisimizi akausoma. Aliusoma wote. Ndege alikwenda mbele na yeye akamfuata, neno moja nyuma, rangi nyekundu ikimwagika chini ya kidole chake, na mpiga picha akashusha kamera kwa haya, na ndege akainamisha kichwa akasema jaribu tena, na mtoto akamalizia neno "kitanda", katika kimya cha chumba kizima, safi kabisa, machozi yakimdondokea kwenye kioo.

"Amesoma," alisema Mwalimu Chaki kutoka mlangoni.

Wakageuka. Alikuwa ameshaingia ndani, akiwa kati ya madawati.

"Amesoma ukurasa wote. Mmemsikia kwa masikio yenu. Nani hapa hakumsikia?"

Mwalimu mkuu alimwomba watoke nje wazungumze. Hakutoka. Alisema mbele ya wote kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisoma naye stoo, na kwamba mtoto hana muujiza wowote, anachotaka ni kungojewa.

Mkurugenzi alilifikiria hilo. "Kwa hiyo matokeo yale hayakuwa yake," alisema.

"Yalikuwa yake. Nilimsindikiza."

"Mwalimu, nakuelewa. Lakini ulitupa takwimu za uongo, na watu wamefanya maamuzi juu yake."

"Mbadilisheni basi. Kila muhula ndege anakuja na kofia mpya. Anayeweza kumshonea kofia anaweza kumfundisha kungoja."

Kijana wa mradi alitazama viatu vyake. Mkurugenzi alisema jambo hilo lipo kwenye mipango. Kisha akasema neno ambalo Mwalimu Chaki, kwa hasira zake zote, hakuweza kulidharau, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Alisema, bila ukali, kwamba kuna shule nyingi zisizo na mwalimu hata mmoja wa kumngojea mtoto, na ndege alitengenezwa kwa ajili ya hizo.

"Shule hii inaye," alisema Mwalimu Chaki. "Mmemsimamisha mlangoni."

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Mengine yalifanyika kimya kimya, kama kawaida ya mambo ya ofisi. Kurasa za kijani za Sisimizi zilifutwa, na zile nyekundu zikabaki. Mwalimu Chaki alikatazwa kuingia stoo. Habari za paa hazikutajwa tena, na mwalimu mkuu akaacha kumtazama usoni, ingawa hakumfukuza. Labda aliona angepata wapi mwingine wa kufundisha darasa la pili.

Kilichomchoma hasa hakikutoka ofisini. Fundi alikuja shuleni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akamkuta akisahihisha madaftari. Mwalimu Chaki alisimama, tayari kutukanwa. Bibi hakutukana.

"Ungeniambia, Mwalimu," alisema. "Ningemwekea sare ile ile ya zamani. Ile mpya hataki kuivaa tena, anasema inawasha."

Mwalimu Chaki alisema samahani mama fundi, akaona neno lenyewe lilivyo jepesi.

"Mimi sijui kusoma," bibi aliendelea. "Lakini jioni ananisomea. Namngoja. Nashona, namngoja. Hakuna ugumu wowote." Akatazama mkono ule mweupe juu ya meza. "Sasa wewe uliyejua, kwa nini ulikubali wamweke kwenye kiti?"

Akaondoka bila kungoja jibu. Tangu siku hiyo Mwalimu Chaki alipohesabu aliowakasirikia, alianza na yeye mwenyewe, kisha ndege, kisha watu wote wa mjini.

Mwaka ulipogeuka, wenzake Sisimizi walivuka uwanja kwenda darasa la tatu, na yeye akavuka uwanja kwenda upande mwingine. Mwalimu Chaki aliomba ahamishiwe karakana. Aliomba kwa mdomo, kwa kuwa hakuamini tena karatasi. Yeye aliyekataa kuhamishwa maisha yake yote alisimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu akajipendekeza kama mwanagenzi.

"Kile chumba hakina nafasi ya mwalimu," mwalimu mkuu alisema, akitazama dirishani. "Ndiyo maana yake, Mwalimu. Kingekuwa na mwalimu kisingekuwa kile chumba."

Akarudi kwa watoto wapya na herufi zao. Akafuta ubao kwa kiganja. Kila alipopita karibu na karakana aliona vichwa vimeinama, hedifoni zimewameza masikio, na Sisimizi mwishoni mwa meza, midomo ikicheza nyuma ya ndege.

Ilikuwa wakati wa mapumziko, wiki ambayo yeye alikuwa mwalimu wa zamu, alipoisikia ile sauti kwa mara ya kwanza. Alikuwa ofisini na kikombe cha chai. Alidhani ni wimbo. Kisha akatambua namna ile ya kushusha sauti, na akatambua juu yake sauti moja isiyoshuka vizuri, isiyo na kitufe cha kuzimia. Darasa la tatu lote lilikuwa limejazana kwenye dirisha la karakana, lile lililovunjika kioo. Wengine walining'inia kwenye nondo, wengine walisimama juu ya matofali, na wote walikuwa wakisoma ukurasa waliouona kwa mbali mapajani mwa mwenzao. Ndani, msimamizi alikuwa akihangaika kutoka chombo hadi chombo, kwa kuwa vyote vilikuwa vimegoma kwa pamoja.

"Sikusikii vizuri," walisema ndege wote, kwa sauti iliyovuka hedifoni, mmoja akimdakia mwingine. "Tafadhali tafuta mahali pasipo na kelele."

Wakaja kesho yake. Na kesho kutwa. Msimamizi akalalamika kwamba masomo hayakamiliki, kwamba ofisi itapiga simu, na mwalimu mkuu akaingia ofisini akiwa ameshika kichwa.

"Mwalimu, wewe ndiye wa zamu. Watoto wanapiga kelele dirishani."

"Siyo kelele, mwalimu mkuu. Wanasoma."

"Mashine inasema ni kelele." Alilisema hilo kwa uchovu, na akalisikia mwenyewe. "Nenda kawaondoe. Tafadhali."

Mwalimu Chaki akaweka kikombe chini. Akavuka uwanja kwa mwendo wake wa hasira, ule uliozoea kutawanya watoto kabla hajafika, na wa nyuma walipomwona wakaanza kushuka kwenye matofali. Redio peke yake hakushuka. Aligeuka tu, akamkazia macho.

"Tumsindikize, Mwalimu?"

Kupitia nondo aliona mkono mdogo ukiwa umeshavua hedifoni. Aliona shingo imekaza, mdomo umejiweka tayari, na yale macho makali yakimtazama yeye, yakingoja kuona safari hii atatikisa kichwa kwa ajili ya nani.

Akapanda juu ya tofali. Akashika nondo kwa mkono wake wa chaki, akautafuta ukurasa ulipo, na akaanza, si kwa pumzi kama stoo, bali kwa sauti yake ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma hata mvua ikinyesha. Watoto wakaingia nyuma yake. Kutoka mlango wa ofisi mwalimu mkuu aliita jina lake, jina lake halisi, na hakugeuka. Ndege walilalamika. Walisoma mpaka nukta, na mahali fulani katikati ya sauti zile alikuwemo Sisimizi, ingawa hata kwa kutega sikio hakuweza kumtenga na wengine.

"Fungua ukurasa wa pili, mwanangu," alisema Mwalimu Chaki.